Zillah Kershaw, Aliyezungumza Bila Sauti

Zillah alizaliwa tarehe 9 Machi 1801 katika kitongoji cha Cribden Fold, juu ya mji wa Haslingden. Alikuwa binti wa tatu wa James Nuttall, mfumaji wa nguo, na mkewe Betty.

Alisoma shule ya Jumapili pale kanisani. Kusoma alijua. Kuandika hakufundishwa, walisema kuandika ni kazi, na Jumapili si siku ya kazi. Mimi mumewe hata kusoma sikufika mbali. Haya nimeyasema kwa mdomo, binti yetu Martha akayaandika. Nimemwambia asiyarembe.

Tulioana Jumatatu, tarehe 3 Juni 1822. Tulichagua Jumatatu kwa sababu wafumaji wa nyumbani hatukufanya kazi siku hiyo. Tuliweka mitambo miwili ya kufumia kwa mkono mbele ya dirisha, wake na wangu. Unaanza unapotaka, unaacha unapotaka. Ilikuwa heshima yetu.

Kisha mitambo ya mvuke ikaja bondeni. Mwanamke mmoja akisimamia miwili anatoa kwa siku nguo ninayofuma mimi wiki nzima. Bei ya kazi yetu ikaanguka. Mwaka 1834 marehemu aliniambia, "Enoch, naenda kiwandani."

Nikasema, "Mke wangu hapigiwi kengele."

"Basi njaa ndiyo itanipigia," akasema. Jumatatu iliyofuata akaenda.

Niliona aibu. Niliwaambia majirani kwamba anakwenda kumuuguza dada yake, Nancy. Siku moja kisimani John Holt akaniuliza mbele ya watu, "Enoch, huyo shemeji yako mgonjwa, mbona anatoa moshi?" Dohani la kiwanda lilionekana toka pale, wakacheka wote. Nilikuwa nadhani hawajui.

Kiwandani alifanya kazi miaka ishirini na miwili. Ndani mle mitambo mia tatu inapiga kwa pamoja, na mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo wanawake wale husemezana kwa midomo, bila sauti, na kusomana usoni. Marehemu aliijua lugha hiyo kuliko wengi. Mara moja alikuwa akisemezana na rafiki yake Dorcas Pilling kanisani, kila mmoja benchi lake, mahubiri yakiendelea. Mchungaji akanyamaza, akauliza, "Bibi Kershaw, unatafuna nini?"

"Neno la Bwana, mchungaji," akajibu. Mchungaji mwenyewe alicheka.

Mimi sikucheka. Siku moja niliwaona yeye na Dorcas wakichezesha midomo mlangoni kwangu, wakanitazama, wakacheka, nikaamini wananisema. Nikamwambia, "Humu ndani watu huzungumza kwa sauti." Hakuitumia tena lugha ile nyumbani.

Kufikia mwaka 1845 mitambo ilikuwa imemharibia masikio. Hakusikia ila kwa kunitazama mdomo. Na mfumaji wa mkono hukaa akielekea dirisha, mgongo kwa nyumba. Alikuwa akiniambia, "Geuka, Enoch, nikuone." Sikugeuka. Nililiambia dirisha niliyotaka kusema, kisha nikamlaumu kwamba hajibu. Nilifanya hivyo miaka kumi na mitatu. Martha aliuliza kama aliandike hili. Nimemwambia aliandike.

Mwaka 1856 vumbi la pamba lilimshika kifua, akaacha kazi. Alikohoa majira mawili ya baridi. Mwezi Oktoba mwaka huu sauti ikakauka kabisa. Hakula ila uji mwepesi.

Jumapili, tarehe 14 Novemba 1858, saa nane mchana, Martha alikuwa ameteremka kumwita Dorcas. Tulikuwa wawili tu. Marehemu alinishika mkono, akaanza kunisemesha kwa midomo. Yalikuwa maneno mengi. Aliyasema polepole, kama mtu anayemlisha mtoto. Sikuelewa hata moja. Akarudia. Akarudia tena. Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimeelewa. Alinitazama, akajua sikuelewa, akanipapasa mkono. Walipofika alikuwa ameshafariki.

Nilimwomba Dorcas anisaidie. Nikachezesha midomo nilivyoona marehemu akifanya. Alinitazama midomo.

"Rudia, shemeji."

Nikarudia.

"Hapo umesema 'kondoo'. Tena 'kondoo'. Zillah hakuwa na kondoo."

"Jaribu tena kunisoma, Dorcas."

"Shemeji Enoch, midomo yako haisemi kitu. Ungenipa siku moja tu ya kukufundisha miaka ile." Akalia. Na siku ile mlangoni, akaniambia, marehemu alikuwa akimweleza kwamba mumewe ndiye mfumaji bora wa bonde lote, ila kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia. Ndicho walichokicheka.

Mliofanya kazi naye mko hapa leo, na wengi wenu masikio yameharibika kama yake. Nimemwomba Martha asome haya akiwaelekea ninyi, si sisi wanaume, na achezeshe midomo wazi. Kama marehemu aliwahi kumwambia yeyote kati yenu jambo lililonihusu, zuri au baya, njooni mniambie. Mtambo wangu nimeufungua vipande vipande na kuuondoa dirishani. Nitawatazama usoni.

Ameacha mume, Enoch; binti, Martha, na mumewe, Luke Taylor; mwana, Amos, aliyeko Preston; wajukuu watano; dada yake Nancy, wa Bury, ambaye hakuwa mgonjwa; na Dorcas Pilling, aliyemsikia.

Mungu ampokee Zillah mahali penye utulivu, na amani iwe yake.