Jotham Komora Jilo na Orodha ya Garsen

Jotham Komora Jilo alizaliwa Golbanti, Jumanne tarehe 14 Novemba 1961, mwaka ule mto Tana ulipoingia majumbani na watu wakahamia mwinuko wa misheni. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Jilo Komora na Mama Mariamu Pekeshe, na wa kwanza wa kiume. Mkunga aliletwa kwa mtumbwi, na mpaka anakufa alikuwa akisema kwamba mtoto yule alitoka amekodoa macho, anamwangalia kana kwamba anataka kujua yeye mkunga ameingia mle nyumbani kwa ruhusa ya nani.

Dada yake mkubwa, Esta, aliyekuwa na miaka kumi, ndiye aliyepewa kumbeba. Tangu siku hiyo Esta alimchunga, na kwa Esta kuchunga ni kushuku. Mtoto akinyamaza, amekula sukari. Akicheka peke yake, kuna chungu kimevunjika mahali. Mara nyingi Esta hakukosea. Mara moja alikosea, tena vibaya, na ndiyo sababu maneno haya ya maziko yamezidi kurasa zilizotengwa.

Jotham alisoma msingi Golbanti kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari na kumaliza Kidato cha Nne mwaka 1979. Hakuwa wa kwanza darasani. Lakini alikuwa na tabia ambayo hakuna aliyeielewa. Wenzake wakirudishiwa hesabu zilizokosewa walirarua kurasa na kuzitupa mtoni. Jotham alizinakili katika daftari lingine, kosa kwa kosa.

"Aibu inatunzwa?" Esta alimuuliza.

"Natunza njia niliyopotelea, dada. Nisiipite tena."

Esta alilipekua daftari lile lote akitafuta barua za wasichana. Hakukuta kitu ila hesabu mbovu.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa karani wa ghala katika shirika moja la misaada pale Garsen, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Mwaka 1995 shirika lilimpeleka Mombasa kujifunza kompyuta kwa mwaka mzima. Aliporudi alipewa chumba nyuma ya ghala, kompyuta nne na jenereta moja yenye kikohozi. Akaanza kufundisha vijana kuandika programu, zile zenye madirisha na vitufe vya kubonyeza.

Esta hakuyaamini masanduku yale. Alitaka kujua ni kazi gani hiyo inayofanywa mlango umefungwa. Akaambiwa ni kwa ajili ya vumbi. Akajibu kwamba vumbi la Garsen halijawahi kuzuiwa na mlango, akaingia, akaketi nyuma na ukili wake mkononi. Alisuka jamvi zima mle ndani, na aliyoyasikia aliyasikia vizuri.

"Mwalimu, kitufe changu kimekufa," alisema Ikran, msichana wa duka la dawa.

"Hakijafa. Ulikiambia kifanye nini kikibonyezwa?"

"Nimekiandika 'Chapa' juu yake."

"Na mimi nikiandikwa 'Daktari' kwenye shati nitakutibu? Umekichora tu, Ikran. Hujakipa kazi."

Dawood naye dirisha lake liligoma, halifungi wala halisogei. Jotham akaangalia mara moja. "Umeiambia kompyuta izunguke, hukuiambia ikome wapi. Itazunguka hadi Idi. Zima, anza upya." Kadra alilia kwamba programu inamtukana kila akiandika jina la mtu. "Haikutukani. Unaandika kwenye kadi ambayo hujaitengeneza. Unaandika hewani."

Hiyo kadi ndiyo iliyokuwa msingi wa mafundisho yake. Alisema programu za siku hizi ni kama ofisi ya chifu. Kuna kadi tupu, yenye nafasi ya jina, kijiji na idadi ya watu. Hiyo ni kielelezo tu, hailishi mtu. Kila mtu akija, unatoa kadi mpya kwa mfano wa ile, unaijaza, unaiweka kwenye orodha. Mtu mmoja, kadi moja. Esta, aliyeishia darasa la saba, alilielewa hilo vizuri, na akashangaa kwamba watu wanapelekwa Mombasa mwaka mzima kwa ajili yake.

Katika ndoa, Jotham alimwoa Rahel Kadzo, binti wa Mzee Thoya Karisa wa Tarasaa, Jumamosi tarehe 22 Agosti 1987. Esta alimshuku bibi harusi kwa sababu alikuwa mpole. Alimshuku kwa miaka miwili kamili, kisha akachoka. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mkwe wake, Mzee Thoya, ni mtu wa maneno machache, na Jotham alimheshimu sana, kiasi kwamba mzee akiingia ghalani yeye alikuwa akisimama na kuacha kalamu.

Sasa jambo la orodha. Wengi walioketi hapa walikuwepo, na wengi zaidi hawakuwepo ila wanalisimulia kana kwamba walikuwepo.

Baada ya mafuriko ya El Niño, mwanzoni mwa mwaka 1998, mashamba ya mtoni yalikuwa yamekwenda na ng'ombe wa Waorma walikufa kwa mamia. Chakula cha msaada kilipokuja, kila orodha ilizua ugomvi. Wapokomo walisema Waorma wameandikwa mara mbili. Waorma walisema hivyo hivyo kuhusu Wapokomo. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mukhtar, akasema basi, iandikwe na mashine, mashine haina kabila.

Jotham akaandika programu. Akakusanya kadi za karatasi za familia mia tatu na kumi na mbili, akaziingiza moja moja. Na kwa sababu alijua midomo ya watu, alifanya kama anavyofanya karani yeyote mwenye adabu: watu wake aliwaweka mwisho. Dada yake Esta alikuwa wa mia tatu na kumi na moja. Mkwewe, Mzee Thoya, alikuwa wa mwisho kabisa, asije mtu akasema amemtanguliza.

Alhamisi tarehe 12 Machi, asubuhi, malori yamefika, printa ikatoa karatasi. Sadik, kijana wa shirika aliyekuja na malori, alizichukua zikiwa bado na joto, akapanda juu ya magunia na kuanza kusoma.

"Thoya Karisa, Tarasaa, watu tisa!"

Mzee Thoya akasimama, akashangaa kuitwa wa kwanza, akachukua gunia lake.

"Thoya Karisa, Tarasaa, watu tisa!"

Watu wakacheka. Mzee akageuka.

"Thoya Karisa, Tarasaa, watu tisa!"

Mara ya tano hakuna aliyecheka. Sadik alifunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa mwisho. Mistari mia tatu na kumi na miwili, jina moja.

"Hii mzee iko na tumbo ngapi?" alipaza sauti Mama Dahabo, mjane wa Kiorma aliyekuwa amebakiwa na ng'ombe wawili. "Komora! Binti yake anakupikia nini huko, mpaka unapenda baba yake namna hii?"

Mzee Thoya aliliweka gunia chini taratibu. "Jamani," alisema, "mimi ni Thoya mmoja tu."

Zikaanza kuokotwa fimbo. Na hapo, mbele ya Garsen nzima, Esta alitoka kwenye mstari, akamkabili kaka yake na kumwuliza kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti: "Jotham. Umekula?"

Maneno ya Mama Dahabo yalikuwa mzaha mchungu wa mwenye njaa. Ya Esta yalikuwa ushahidi. Watu walisema: hata dada yake anajua. Wapo waliokuja kutazama tu, wasio kwenye orodha, waliogeuka dakika ile ile kurudi Kipini na Golbanti na habari hiyo mdomoni, hawakungoja jingine.

Jotham hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka ndani ya kiatu chake mwenyewe. "Nipeni nafasi," alisema. "Na mje mkae nyuma yangu, msiniache peke yangu na hii mashine."

Wakaenda watatu kumlinda asitoroke na asifute kitu: Mzee Mukhtar, Mama Dahabo na Esta. Jenereta ikawashwa. Jotham hakuyagusa yale majina mengi. Aliingiza matatu tu, kwa kutamka kila herufi: Dahabo, Mukhtar, Esta. Kila jina lilipoingia lilionekana sawasawa. Akachapa.

Esta. Esta. Esta.

"Ala!" Mama Dahabo alimgeukia. "Kumbe mwizi ni wewe!"

Esta aliinamia karatasi, akalisoma jina lake mara tatu.

"Ngoja," alisema Jotham. Akaingiza tena, safari hii Esta akiwa wa kwanza na Dahabo wa mwisho. Printa ikalia: Dahabo, Dahabo, Dahabo.

"Sasa ni mimi," alisema Mama Dahabo, na akacheka mpaka akashika meza. "Mwenyekiti, nifunge."

Jotham akawaonyesha kwa kidole mstari mmoja kwenye kioo. Kadi mpya ilikuwa imetengenezwa mara moja tu, kabla ya kazi ya kuzunguka majina kuanza, badala ya kutengenezwa upya ndani ya mzunguko, kila jina linapokuja. Kwa hiyo kadi ilikuwa moja. Kila familia iliyofika ilifuta jina la iliyotangulia na kuandikwa juu yake, na orodha ikawa na nafasi mia tatu na kumi na mbili, zote zikielekeza kwenye kadi ile ile. Aliyeandikwa mwisho ndiye aliyebaki.

"Hili ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya pili," alisema Jotham. "Namfokea nalo Kadra kila siku."

"Na kwa nini mwisho umemweka mkweo?" aliuliza Mzee Mukhtar, bado amekunja uso.

"Ili msiseme nimempendelea, mzee wangu."

Mzee Mukhtar akakunjua uso. "Basi mtoe huko. Mweke katikati."

"Nikimtoa sasa ndipo mtakaposema kweli kweli. Atabaki mwisho."

Mstari ule aliusogeza ndani, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini majina yalikuwa yamepotea yote, na ikabidi kuanza upya kutoka kadi za karatasi. Esta alisoma, Jotham akaingiza, Mama Dahabo akashika kila kadi iliyokwisha kusomwa na kuikalia, asiipate mtu. Ijumaa saa tisa alasiri orodha ilitoka, Sadik akaita majina mia tatu na kumi na mawili, kila moja mara moja. Hakuna familia iliyokosa.

Ila habari ya Alhamisi ilikuwa imekwisha kuvuka mto, na ya Ijumaa haikuifikia. Mpaka mwaka huu, Jotham akipita soko la Garsen, hakukosekana mtu wa kuita nyuma yake, "Thoya Karisa, watu tisa!" Hakujibu hata siku moja. Katika daftari lake la makosa, kosa lile alilipa jina lake mwenyewe, Kosa la Jotham, na kila darasa jipya alianza nalo. Yeye mwenyewe alijisimulia. Wengine walidhani anaungama.

Ugonjwa ulianza Januari 1999 kwa kuvimba miguu. Wapo waliosema amelishwa kitu na wenye njaa ya mwaka jana. Esta aliwauliza ni nani hao, wakageuza mazungumzo. Ilikuwa figo. Alilazwa Malindi mara mbili, na huko ndiko alikofariki Jumapili tarehe 12 Septemba 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Mkewe alikuwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Mariamu Pekeshe. Mjane wake, Rahel Kadzo. Watoto wake Jilo, Mariamu na Karisa. Dada zake watatu. Mkwe wake, Mzee Thoya Karisa. Na wanafunzi ishirini na sita.

Limebaki neno moja la familia. Wiki ile ya orodha, Esta alimwomba kaka yake radhi. Alimwomba jikoni kwake, wakiwa wawili, maji ya chai yakichemka. Jotham alisema yamekwisha, akaomba chai. Lakini Esta alimshuku mbele ya watu na kumtakasa mbele ya sufuria, na kwa mwaka mmoja na nusu aliwaacha watu wale waamini lile walilolisikia kwake. Radhi ya jikoni haikufika Kipini. Kwa hiyo leo, mbele ya jeneza, mbele ya waliokuwepo na wanaosimulia, dada yake Esta, anayesoma maneno haya, anasema kwa sauti ile ile: Jotham hakula. Jotham alikosea, akakaa chini mbele ya waliomshuku, akarekebisha. Mwenye neno tofauti na aliseme sasa, udongo haujarudishwa.

Akikosekana, basi tumlaze. Mungu ampokee Jotham na ampe utulivu ambao sisi hatukumpa.