Wimbo Uliopandishwa kwa Siri

Fungeni mlango, wanangu, mkae, nisikie viti vimetulia. Redio, mwanangu wa kati, wewe kaa hapa karibu na mto, pumzi zikinikata uninyanyue. Kitindamimba, kaa pale ninapokuona, na usifungue mdomo. Daktari amekukataza hata kuitika "abee," na leo katika nyumba hii amri ya daktari ndiyo amri yangu. Wewe kifunguamimba, simama. Umesikia vizuri. Wenzako wakae, wewe simama, kwa sababu nina hasira na wewe, na sitaki kufa nikiwa nimeimeza.

Mnadhani nimewaita kugawa vyombo. Vyombo nitavigawa, havinishindi. Nimewaita kwa ajili ya koo la mdogo wenu. Jumamosi inakuja, na huyu kaka yenu amemwahidi mwenye ukumbi kwamba mdogo wake ataimba, hali anajua fika kuwa daktari ameingiza kamera kooni mwa mtoto, akakuta nyuzi zote mbili za sauti zimevimba, akasema anyamaze mpaka zipone, la sivyo sauti ile tutaisikia kwenye kanda za zamani tu. "Akinywa tangawizi ya moto atafika," ndivyo alivyoniambia jana, akiwa amesimama hapohapo aliposimama sasa. Atafika wapi? Tangawizi inapita njia ya chakula, bwana mkubwa, hata hodi haipigi kwenye nyuzi za sauti. Miaka yote nimefundisha watu kuimba katika chumba cha mbele cha nyumba hii, na mwanangu wa kumzaa bado anatibu sauti kwa kikombe cha chai!

Sasa sikilizeni lililonitoa machozi, maana Kitindamimba halijui, na ndiyo sababu nimetaka alisikie kwangu kabla sijaenda. Siku ile ya mazoezi, siku ambayo sauti yake ilikatika katikati ya wimbo, mimi nilikuwa nimelala humu mlango wazi. Mnalijua friji letu kuukuu. Tangu baba yenu alinunue linaunguruma kwa sauti moja, na ule wimbo wetu wa kufungia sherehe sisi tuliuanzia palepale linapounguruma, basi nimezoea kusikia wimbo na friji vikikubaliana. Siku ile kinanda kilipoanza, vikagombana mpaka meno yakaniwasha. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Langu linakufa, na hilo lilisikia. Nikamtuma Redio akachungulie kidirisha cha kinanda. Akarudi akaniambia, "Mama, kimeandika mbili." Mbili! Kaka mtu amebonyeza kile kitufe kidogo kinachopandisha wimbo mzima, vidole vyake vinacheza palepale pa siku zote, na mtoto anaimba akidhani yuko sebuleni kwake kumbe ameshapelekwa ghorofani.

Na Redio, ambaye habari hazimkai tumboni, akanimalizia: si siku ile tu. Tangu harusi ile ya ukumbi mkubwa, watu waliposimama na kupiga miluzi kwa kuona mishipa ya shingo ya mtoto imetoka kama kamba, kaka yake akaonja utamu, na kila sherehe kitufe kikabonyezwa. Nikangoja uje useme mwenyewe. Hukuja. Jana ulipoleta habari ya Jumamosi, uvumilivu wangu ukaisha.

Kitufe ni kitufe, ningekusamehe. Kinachoniuma ni kwamba miezi yote hiyo mtoto huyu alikuwa anakuja hapa ukingoni mwa kitanda, ananiambia, "Mama, sauti yangu imekwisha, noti niliyokuwa naipata nikifua nguo sasa inanishinda," nami nikamrudisha mwanzo kabisa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, nikimtafutia kosa ambalo halikuwa lake. Usiku na mchana anajilaumu. Ulimsikia analia jikoni, ukaendelea kupaka mkate wako siagi, ukatafuna, ukanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi! Na usianze kuniambia, "Lakini Mama, watu wanapenda." Watu hupenda pia kutazama nyumba ikiungua, ila hujaona hata mmoja anayeomba iwe yake.

Nimeshaliona hili. Nilipokuwa msichana wa kwaya tulikuwa na mwalimu tuliyemwita Nyundo, kwa jinsi alivyogonga meza akipiga kelele, "Paza! Paza! Mbona mnaimba kama wagonjwa?" Jirani yangu wa mstari wa mbele alikuwa na sauti ambayo sijaisikia tena. Akapaza. Akapaza mpaka akawa anaongea kama mlango usiotiwa mafuta, na watu wakasema binti wa watu amepatwa na kijicho, wengine wakasema alikuwa anaringa. Hakuna hata mmoja aliyemnyooshea Nyundo kidole. Nyundo alipostaafu walimwandalia karamu na keki juu. Sikwenda, wala sijamsamehe, na nikimkuta huko ninakokwenda tutakuwa na mazungumzo. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, kila mtu anaijua methali hiyo, na bado wanazidi kuipiga.

Basi shikeni haya, nyote, hata asiyeimba, kwa sababu mtalea wanaoimba. Noti ya juu haitafutwi na shingo. Kidevu kibaki chini. Ukikinyanyua kama kuku anayemeza maji, umeshajinyonga mwenyewe. Pumzi ifanyiwe kazi tumboni na mbavuni, mabega yasijue kinachoendelea. Koo lifunguke kama la mtu aliyeanza kupiga miayo mbele ya wakwe, akaona haya kuimaliza. Kabla ya maneno, vumisha mdomo umefungwa, mmm, mpaka usikie inakutekenya hapa kwenye mfupa wa pua na mashavuni, na ukishaisikia hapo, fungua mdomo uiache ikae hapohapo mbele, usiimeze ikarudi kooni. Kadiri unavyopanda ndivyo upunguze uzito, usiburure sauti ya kifuani hadi juu kwa nguvu. Na ikiuma, acha papo hapo. Katika kuimba hakuna maumivu ya heri, na atakayekwambia vaa ujasiri uendelee, mwulize koo ni la nani.

Redio, mto. Hivyo. Ahsante.

Nyumba ni yenu watatu na haiuzwi. Mkigombana, gombaneni mkiwa ndani. Chumba cha mazoezi na kioo chake namwachia Redio, awapokee wanafunzi wangu wadogo mpaka mdogo wake apone, na awaache nao waongee kidogo. Wewe kifunguamimba nakupa spika zote mbili. Hizo zilitengenezwa kupiga kelele, zipigishe utakavyo, zikipasuka tutanunua nyingine. Lakini kinanda ni cha Kitindamimba. Utakipiga wewe, sijakunyang'anya kazi, ila kuanzia leo wimbo utaanzia pale atakaposema yule mwenye mzigo wa kuupandisha, na kitufe kile usikiguse hata kwa kufuta vumbi. Jumamosi hakuna. Kesho asubuhi nenda kwa mwenye ukumbi kwa miguu yako, usimpigie simu, umwambie hapana usoni.

Na kuna deni. Umwombe radhi mdogo wako, sasa, nikiwa nasikia, wala sitaki ile ya "kama nimekukosea." Taja ulichofanya. Sema.

Rudia. Hiyo ya kwanza umeiambia sakafu.

Ndiyo. Haya, kaa sasa. Kitindamimba, usimjibu, kumsamehe si lazima iwe leo, bahati nzuri una amri ya daktari ya kutosema kitu. Ila umesikia kwa masikio yako. Sauti yako haikuisha. Ilikuwa inaibiwa ngazi.

Nipeni maji... Kidogo tu.

Sasa siku yangu. Mwanangu, tangu uzaliwe ukalia ile sauti yako mpaka mkunga akacheka, nilisema moyoni, huyu ndiye atakayenisindikiza. Nilishauchagua na wimbo. Nilikuwa nakuona umesimama pembeni ya kaburi unauimba, na kufa kukawa hakunitishi sana. Basi nakukataza. Nikienda kesho, nikienda keshokutwa, kabla nyuzi hazijapona, usiimbe hata mstari mmoja. Watu watanong'ona, mtoto gani huyu amemzika mama yake mdomo umefungwa? Waache wanong'one. Redio atawajibu, hiyo kazi anaiweza. Nakutaka uimbe ukiwa na mvi. Kwa wengine. Mimi nimeshakusikia.

Ataimba kaka yako. Ndiyo, wewe, usiangalie nyuma, hakuna mwingine. Bila kinanda. Anzia chini, palipo pako... na ukifika pale juu, koo likibana, usisukume. Nyamaza... vuta pumzi, chukua mstari unaofuata. Hakuna maiti aliyewahi kulalamika kukosa noti moja.

Sogeeni. Mikono yenu... hata wewe, mkorofi, lete wako. Mungu awape pumzi ya kutosha na watu wa kuwasikiliza. Msiibiane. Mwenzenu akisema panamuuma, mwaminini... mara ya kwanza.

Kitindamimba. Usiseme, nimeona mdomo unataka kufunguka. Nibane kidole tu.

Vizuri. Nyamaza hivyohivyo, mama.