Madam Phanice Anaondoka, Ziwa Hindi Linabaki

Tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Dkt. Phanice Nyatichi atarudisha funguo za ofisi nambari saba na kustaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Idara ya wafanyakazi imeniomba nimwandikie, kwa kijitabu cha sherehe ya kumuaga, wasifu mfupi, wenye furaha, usiogusa mambo ya seneti. Ufupi nitajitahidi. Hayo mengine sikuahidi.

Sisi sote tunamwita Madam Phanice. Ni yule mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mabuti ya mpira yanayokaa kando ya mlango wake hata wakati wa kiangazi. Alizaliwa Migori mwaka wa 1955, wazazi wake wakiwa wauza nguo sokoni. Alifundisha baiolojia katika shule ya wasichana kule Asumbi kwa miaka kumi na mitatu. Mwaka wa 1994 akaja kwetu Homa Bay, chuo kikiwa bado taasisi ya stashahada yenye madarasa manne na tangi moja linalovuja. Shahada ya uzamifu aliipata mwaka wa 2006 huku akifundisha kutwa. Nilipomuuliza kwa nini hakuomba likizo ya masomo, alitaka kujua kwanza wanafunzi angemwachia nani. Nikabadilisha mada.

Miaka ile alifundisha ufugaji pia katika tawi letu la Migori. Muhula mmoja wanafunzi wake thelathini walipita vizuri mtihani wa kukadiria uzito wa ng'ombe, kwa kanuni, karatasini. Akawapeleka Ogwedhi siku ya soko la mifugo, akamwomba mchuuzi mmoja, Bwana Mirumbe, awaonyeshe fahali na kuwauliza ana kilo ngapi. Hakuna aliyekaribia. Mirumbe alicheka mpaka akamshika yule fahali mgongoni asianguke, na wanafunzi nao wakacheka. Madam Phanice hakucheka hata kidogo. Alirudi darasani akafuta alama zote thelathini, na tangu muhula uliofuata mtihani huo ukafanyiwa Ogwedhi, Mirumbe akiwa ndiye msahihishaji. Hiyo ndiyo kazi yake yote kwa ufupi: anayeishi kwa kazi fulani ndiye wa kwanza kuulizwa ifundishwe vipi.

Sasa nifike pale nilipoombwa nisifike. Mwaka wa 2013 tulipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu, na ukahitajika mtaala wa shahada ya uvuvi na ufugaji wa samaki kwa haraka, kwa kuwa wakaguzi walikuwa njiani. Kamati ya watu tisa ilienda kukaa hotelini Kisumu siku nne. Madam Phanice hakualikwa. Alikuwa amesema mtaala wa samaki uandikiwe ufuoni, na mtu wa maneno kama hayo huharibu safari. Samaki pekee tuliyemwona siku zote nne alikuwa kwenye sahani, kando ya ugali. Tulichukua mtaala wa chuo kimoja cha pwani, tukabadilisha neno bahari likawa ziwa, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kompyuta, kwa mkupuo mmoja. Tukatia sahihi. Wakaguzi nao wakatia.

Ndiyo maana ukurasa wa 41 wa mtaala wetu, unaotumika hadi leo hii, unataja ziwa liitwalo Ziwa Hindi. Na ndiyo maana kwa miaka kumi na miwili vijana wanaoliona ziwa lao kupitia dirisha la darasa wamefundishwa, wiki sita nzima, habari za maji kupwa na kujaa, kisha upandaji wa mikoko, kisha biashara ya kamba wa baharini. Mikoko haioti Homa Bay. Mhadhiri anajua hivyo, mwanafunzi anajua hivyo, na bado swali linatungwa, linajibiwa, linasahihishwa, na watu wanavaa majoho na kupigwa picha. Jambo hili linanikera.

Mmoja wa waliovaa majoho ni Ken Ochieng' wa kisiwa cha Rusinga, aliyehitimu mwaka wa 2019 akiwa na daraja la kwanza. Babake alikuwa mvuvi, ndiyo kwanza ameanza kufuga ngege, yaani perege, kwenye vizimba ziwani, na alimtegemea mwanawe msomi. Asubuhi moja samaki wote walikutwa wakielea matumbo juu, wakiwa wamebakiza mwezi mmoja tu kuvuliwa. Maji yalikuwa yamekosa hewa. Wafugaji wazoefu wa upande wa pili wa kisiwa huitambua hali hiyo siku mbili kabla, kwa rangi ya maji na harufu yake, na wangemwambia yeyote aliyewauliza. Ken hakujua, kwa sababu sisi tulimfundisha mikoko.

Mzee Ochieng' alikuja chuoni wiki hiyo hiyo. Alisimama mlangoni pa ofisi nambari saba, kofia mkononi, akasema taratibu: “Madam, huyu kijana mlimfunza nini hapa miaka nne? Mimi nilikuwa namngoja yeye aniambie.” Madam Phanice alimvutia kiti. Nami nilikuwemo humo, nakunywa chai yake, nikajifanya nasoma gazeti.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi kwa miaka miwili, alivaa mabuti yake akaenda Mbita na Rusinga na daftari kubwa. Aliwauliza wafugaji, mafundi wa mashua na kina mama wanaoanika dagaa tunaowaita omena swali moja: mhitimu wetu akija kwako kesho kufanya kazi, ungependa awe anajua nini? Rispa, muuza samaki wa Mbita kwa miaka ishirini na mitano, alimjibu bila kuacha kupara sangara wake, mbuta kwa jina la huku: “Ajue samaki wa leo na samaki ya kulala. Asiangalie macho peke yake, macho inadanganya. Afungue mashavu.” Madam Phanice aliyaandika kama yalivyo, na ndilo somo la wiki ya tatu, mwaka wa kwanza, katika mtaala mpya. Mtaala huo una kurasa mia moja na kumi na mbili. Nusu ya mitihani yake inafanyiwa ufuoni, na watu kama Rispa wanatoa alama.

Aliuwasilisha mwaka wa 2021. Umerudishwa mara nne. Mara ya kwanza eti herufi zilikuwa ndogo. Mara ya pili pambizo. Mara ya tatu akidi haikutimia, maana wajumbe watano walikuwa hotelini wakiandika mtaala mwingine. Mara ya nne, Machi mwaka huu, seneti ilisema muuza samaki asiye na shahada ya uzamili hawezi kumtahini mwanafunzi wa shahada. Ningelipa nauli yangu mwenyewe kumwona mjumbe yeyote wa seneti akitahiniwa na Rispa.

Lakini kabla sijawachambua wengine zaidi, nimalize langu. Nimeandika kwamba “tulibadilisha” neno. Kompyuta haibonyezwi na watu tisa. Aliyebonyeza ni mimi, Austine Omanga, katibu wa kamati ya mitaala, na nilikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Ziwa Hindi nililiona kabla ya kuchapisha. Nilicheka, nikasema atalirekebisha mwingine. Madam Phanice aligundua wiki ya kwanza. Hakunianika mbele ya mtu. Alikuja ofisini kwangu, akaweka ukurasa wa 41 mezani, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuogelea huko. Na hata baada ya hapo sikufanya lolote. Machi iliyopita, seneti ilipomkataa Rispa, ni mimi, mjumbe na mwandishi wa kikao, niliyeandika kwenye kumbukumbu kwamba imekubaliwa kwa kauli moja, ilhali mimi mwenyewe sikuwa nimekubali na sikufungua mdomo. Naona aibu, na nataka iandikwe hapa ambapo haiwezi kufutwa.

Sheria yetu inasema pendekezo la mtaala lisilo na msimamizi aliye kazini hufutwa. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe mosi Julai, kazi ya Madam Phanice itatupwa asipopatikana msimamizi mwingine, na Ziwa Hindi litafundishwa muhula ujao kama kawaida. Kamati ya zawadi ilipomuuliza angependa kuagwa na nini, saa ya ukutani, blanketi au ndama, alijibu: “Blanketi ninazo. Nileteeni sahihi.” Walidhani ni utani wakanunua blanketi. Nimeliona, ni zuri, la kahawia.

Juma lililopita nilijaza jina langu mahali pa msimamizi. Nimebakiza miaka tisa kazini, na nitakwenda Mbita kila Alhamisi. Mabuti nimekwisha kununua, yananibana kidogo. Bado inahitajika sahihi moja tu, ya mgeni wetu wa heshima leo, Naibu Makamu wa Chansela wa masomo, ambaye kanuni zinamruhusu kuupitisha mtaala kwa majaribio bila kungoja seneti.

Madam Phanice, asante kwa alama thelathini ulizofuta, na kwa chai, na kwa kunivumilia miaka kumi na miwili bila kunitaja. Nenda Migori ukapumzike, ulale mpaka jua liwe juu, upate afya, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Tukikuhitaji tutakuja kwako wenyewe, tukiwa na maswali.

Mgeni wa heshima, katika nakala yako ya kijitabu hiki, fomu iko nyuma ya ukurasa huu, na kalamu nimeibana kwenye jalada. Nimeijaribu. Inaandika.