Samaki Aliyeitwa Meneja

Sogeeni karibu wanangu, Josefina, Dorkasi, nawe Simeo, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na nitakalosema leo sitalirudia. Shamba la bondeni ni lako Simeo, nyumba ni ya dada zako, na mbuzi wapo wanne lakini mmoja ana wazimu, kwa hiyo kugawana si kazi. Hayo yamekwisha. Lililonikaa kifuani ni habari ya samaki.

Mlikuwa wadogo mwaka ule mashamba ya mkonge yalipotaifishwa na meneja wetu akafunga mizigo. Bwawa alimokuwa akivua, kule juu ya Mazinde, lilipokea maji ya mlimani, maangavu hata ukidondosha kifungo unakiona kilivyolala chini. Humo alibaki samaki mmoja wa kigeni aliyeletwa kwa pipa, wa jamii wanayoiita besi, mnene, mdomo mpana, asiyetoka chini ya jiwe lake. Sisi wakata mkonge tulimwita Meneja, kwa kuwa alikula vizuri na hatukuwahi kumwona akifanya kazi. Kijiji kikakaa mkutano, kikaamua kwamba huyu naye ni mali ya umma.

Walimwendea kwa kamba za katani na ndoana nene kama kulabu za bucha. Meneja aliyaona yote hayo yakishuka, akageuza mkia. Lakini mimi nilikuwa nimembebea yule meneja mtu kikapu chake miaka sita, nikajua siri yake: uzi wa nailoni mwembamba kama unywele, ndoana kama punje ya mpunga, bila risasi ya kuuzamisha, panzi hai, na wewe mwenyewe umepiga magoti nyuma ya majani ili kivuli chako kisiguse maji. Watu walicheka, wakasema Yordani anashona maji.

Matayo hakunicheka. Ninyi mnamjua kama adui, lakini tulikata mkonge mstari mmoja, naye wakati huo alikuwa katibu wa kijiji. Siku ya tisa, watu wote wakiwa ukingoni, Meneja akatoka chini ya jiwe, akamtazama panzi wangu kama anayesoma barua, akammeza. Ufito ukapinda. Samaki wa namna ile kwenye uzi wa namna ile humvuti. Akitaka kwenda unampa uzi, akichoka unamwomba arudi. Nilimpa, nikamwomba, akaja hadi hatua tatu kutoka nilipo. Hapo Matayo akaruka majini na viatu vyake vya mkutano, akaudaka uzi kwa mikono miwili. Meneja akaenda zake.

Tangu siku hiyo watu wakamwita Matayo Mkata Uzi. Uchaguzi ulipokuja, ukatibu ukapewa mwingine. Nami nikaapa kwamba mtu wa nyumba yake hatakanyaga kwangu, na wewe Josefina uliponitajia Eliasi mwanawe, nilikujibu kwa kupiga bakora mezani. Miaka kumi na moja sasa tangu bakora ile.

Nipeni maji kidogo. Basi.

Nilipofika nyumbani siku ile niliutazama uzi wangu. Uzi uliokatika ncha yake hunyooka. Wangu ulikuwa umejikunja mwishoni kama mkia wa nguruwe. Haukukatika, wanangu; fundo la ndoana lilifunguka. Nililifunga mimi, asubuhi, harakaharaka, kwa sababu muda wote niliutumia kuchana nywele, nikijua kijiji kizima kitanitazama. Nikakikata kile kipande, nikakitia motoni, nikaenda kula ugali.

Simeo, yuko barazani tangu asubuhi, nimesikia kikohozi chake. Mwambie aingie.

Kaa, Matayo. Umezeeka vibaya. Fundo lilikuwa langu.

Anasemaje? Rudia, mwenzangu, masikio yamekuwa mazito. Anasema alijua. Anasema aliliona likifunguka mdomoni mwa samaki, ndiyo maana akaruka, alitaka kuuwahi uzi. Na kwa nini hukusema, Matayo? Anasema mimi sikuwa na kitu cha kujivunia ila uzi wangu, na yeye alikuwa na ukatibu. Mnamwona mtu huyu? Nakufa, na bado ananishinda.

Basi ufito na uzi uliobaki mpeni yeye. Siku ya maziko, mchungaji akimaliza, Simeo usimame ulieleze fundo langu mbele ya watu wote, kwa sauti, na habari ya kuchana nywele usiiruke. Josefina, mchukue Eliasi wako, wala msingoje matanga yaishe, maana vyakula vitakuwapo tayari. Dorkasi, usimruhusu mtu… aninenee mema… kupita kiasi.

Mungu awape mikono mitulivu na ndimi zisizochelewa kama wangu. Awabariki ninyi mliomo humu ndani… na hao wanaosikiliza dirishani, nawajua. Sasa nyamazeni kidogo. Matayo, wewe endelea… endelea kukaa.