Makochi Saba ya Fundi

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kinyozi, na Mama Kahawa na birika lake pembeni. Mimi naziba pancha hapo hapo, hakuna neno linalonipita. Asubuhi moja akaja Fundi Makochi, anayetengeneza makochi ya watu, kanuna. Mkewe alikuwa anasubiri operesheni ya mtoto wa jicho. Wasiojiweza hulipiwa na serikali, ila kwanza hupita mtu wa tathmini kuangalia hali ya nyumba. Kwa Fundi alishapita, na fomu imerudi imeandikwa: "Ana uwezo."

— Uwezo gani? — akauliza Kinyozi.

— Kayaona makochi saba sebuleni.

— Si ungemwambia ni ya wateja!

— Sikuwepo. Alikuwepo mama mkwe. Kaona aibu kusema nyumba ya mwanawe haina kitu. Kamwambia, "Karibu mwanangu, chagua popote ukae."

Tukacheka mpaka Fundi mwenyewe akacheka. Kisha akasema taratibu:

— Jana mke wangu kamimina chai nje ya kikombe. Nimeomba waje tena.

Katibu, aliyebeba mafaili ofisini miaka thelathini, akasafisha koo.

— Serikali naijua mimi. Yahamishe makochi, moja moja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hapo anajaza au anamwaga? — akauliza Mama Kahawa.

— Nikunyoe vibaya — Kinyozi akadakia. — Nani kaona tajiri kanyolewa vibaya?

— Wateja wako wote — nikasema.

— Basi ufe! — Katibu akapandisha sauti. — Ufe kwa karatasi tu. Maiti hana kipato, na mjane hulipiwa. Asiyekuwepo na lake halipo!

— Na nikishakufa, mke wangu atashikwa mkono na nani kwenda hospitali?

Kabla hajajibiwa, dada mmoja mwenye faili kwapani na viatu vya vumbi akasimama mbele yetu.

— Shikamooni. Namtafuta Fundi. Mimi ndiye wa tathmini.

Katibu akazama ndani ya kikombe chake. Fundi akaeleza kochi moja moja, la nani na limeharibika wapi. Dada akaandika yote, kisha akauliza:

— Sawa. Na wewe na mkeo mnakalia nini?

Fundi akamtazama Kinyozi, Kinyozi akanitazama mimi. Miaka yote tunaingia kwake, tunakaa, tunakunywa chai. Hakuna aliyewahi kuona kiti cha Fundi mwenyewe.

Dada hakusubiri zaidi. Alitoa ile fomu, akayakata yale maneno "Ana uwezo" kwa mstari mmoja, akapokea kahawa.

Wiki mbili baadaye mkewe alikuja kijiweni peke yake, bila kushikwa mkono. Akatukagua mmoja mmoja, akaishia kwa Kinyozi.

— Shemeji! Kumbe ndiyo umezeeka hivi?