Mzee Igga na Daftari la Ijumaa

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Asuman Igga atafunga mlango wa chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Arua kwa mara ya mwisho, baada ya kutumika miaka ishirini na minne. Jumamosi atapanda gari kwenda nyumbani Koboko kama kawaida yake. Safari hii hatarudi Jumatatu.

Aliajiriwa mwaka 2001 kutengeneza taipureta za ofisi. Kompyuta zilipokuja, hakuna aliyezijua, naye akajifunza mwenyewe, kamusi magotini, akisoma kila ujumbe wa kosa neno kwa neno. Ndiye aliyezipa majina ya mahali pa karibu na Arua: Inde, Dadamu, Ajia. Mgeni akipita dirishani hushangaa kusikia kwamba Ajia haina sauti na Inde imeganda tangu asubuhi.

Mwaka 2019 alikosea, na mwenyewe hataki tulifiche. Siku tatu kabla ya mtihani wa vitendo, alisasisha kompyuta zote ishirini kwa pamoja. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux unaoziendesha, ikawa mpya, lakini draiva, yaani programu zinazoendesha kadi za picha, zilikuwa zimejengwa kwa kerneli ya zamani. Skrini zote zikawa nyeusi. Alizirudisha moja moja, mtihani ukafanyika, kisha akasimama mbele ya shule nzima akasema, "Kosa iko yangu. Kompyuta hapana kosa."

Tangu hapo, Ijumaa husasishwa Dadamu peke yake. Nyingine zinangoja hadi Jumatatu, tuone kwanza kama Dadamu ni nzima. Kila hatua huandikwa katika daftari jeusi, na chini yake jina la aliyefanya kazi. Kwa miaka sita jina hilo lilikuwa moja tu.

Ndiyo maana tuliogopa. Tumeshaambiwa kwamba fundi mwingine hatapatikana mwakani, na kama sisi wa klabu ya kompyuta hatutaweza kukitunza chumba, kitafungwa.

Ijumaa iliyopita Dadamu ilipata kerneli mpya, na skrini ikawa nyeusi. Tulimkimbilia Mzee. Alikuwa kwenye benchi nje, anakunywa chai.

"Mzee, Dadamu imekufa!"

"Imekufa, ama imenyamaza tu?" aliuliza bila kuinuka. "Mimi leo iko mgeni. Enda soma."

Rejoice Lukudu wa kidato cha tatu aliiwasha upya, akachagua kerneli ya zamani katika orodha inayotokea kompyuta inapoanza kuwaka. Picha ikarudi, kwa hiyo kadi ilikuwa nzima. Akasoma kumbukumbu za mfumo polepole, kidole kwenye skrini, kama tulivyofundishwa. Draiva ilishindwa kujijenga kwa sababu faili za kujengea za kerneli mpya hazikuwepo. Akaziweka, akaijenga draiva tena, akawasha kwa kerneli mpya. Tulishikana mikono hadi picha ilipotokea.

Mzee aliingia na kikombe chake, akaitazama skrini.

"Kerneli gani hii?"

"Mpya, Mzee."

"Basi mimi hapana kazi tena hapa," akasema, akacheka. Sisi hatukuweza kucheka.

Kisha akafungua daftari jeusi, akaandika tarehe, na mahali pa jina akapaacha wazi. Akampa Rejoice kalamu.

Asante, Mzee Igga, kwa kila skrini uliyoirudisha, na kwa ile uliyokataa kuirudisha. Jumatatu asubuhi macho yetu bado yatakwenda mlangoni. Mungu akupe afya na siku ndefu za kupumzika pamoja na jamaa zako Koboko. Ukipita Arua siku ya Ijumaa, karibu. Benchi litakuwa palepale, chai itakuwepo, na tutakuletea daftari usome majina.