Dakika Tatu za Taa Nyekundu

HAISONG: Haloo? Nani mwenzangu?

MZEE DEYI: Baba yako! Nani mwingine anakupigia kelele hivi?

HAISONG: Baba? Shikamoo. Mbona namba siijui?

MZEE DEYI: Marahaba. Simu ya mama muuza tambi, hapa nje ya kliniki ya macho. Yangu imezima. Umekula?

HAISONG: Bado, niko juu ya jukwaa la ujenzi, nabandika vigae. Mwanangu Yaya kapimwa macho?

MZEE DEYI: Kapimwa! Shika ukuta kwanza.

HAISONG: Baba, usinitanie, huyo ni mwanangu—

MZEE DEYI: Jicho halijarefuka! Nusu mwaka mzima, hata unywele! La kulia milimita ishirini na nne nukta moja, la kushoto hivyo hivyo. Miwani ni ileile. Daktari kapima mara mbili, akadhani chombo chake kimelewa!

HAISONG: Rudia.

MZEE DEYI: Halijarefuka!

HAISONG: Wee! Wee Fang, shika hii ndoo! Macho ya mwanangu yamesimama! Baba, ngoja nicheke... [mkwaruzo] ...kila mwaka jicho linarefuka, miwani inanenepa kama kitako cha chupa, na leo... Si niliwaambia? Ile taa nyekundu ya kutibu macho niliyomnunulia! Dakika tatu asubuhi, dakika tatu jioni. Na wewe ulisema ni taa ya kuangulia vifaranga!

MZEE DEYI: Ee. Taa. Taa nzuri.

HAISONG: Nilikuambia ukikosa kumwekea namleta huku Dongguan, nikakuonea kumbe. Hujakosa hata siku moja! Mashine inanionyesha kwenye simu, asubuhi tiki, jioni tiki. Nawaonyesha jamaa kazini. Hata siku ile ya—

MZEE DEYI: Mtandao mbaya, sikusikii!

HAISONG: Mimi nakusikia vizuri. Hata siku ile ya safari ya shule... Baba.

MZEE DEYI: Ee.

HAISONG: Siku ile Yaya alikuwa Changsha na darasa lake. Tangu alfajiri.

MZEE DEYI: Changsha mbali sana.

HAISONG: Mashine inasema alitazama taa mara mbili.

MZEE DEYI: [anakohoa]

HAISONG: Baba, nani aliweka macho pale?

MZEE DEYI: Mimi.

HAISONG: Siku ile tu?

MZEE DEYI: Tangu wiki ya pili.

HAISONG: Miezi sita?! Mzee wa miaka sitini na nane—

MZEE DEYI: Sitini na saba!

HAISONG: Unatazama taa ya watoto! Kwa nini?

MZEE DEYI: Usipige kelele, utaanguka. Mtoto akitoka pale alikuwa anaona doa la kijani. Mwanzoni lilipotea kabla hajamaliza uji. Wiki ya pili likakaa mpaka kipindi cha hesabu. Akaniambia, "Babu, leo mwalimu hana pua." Nikaogopa. Lakini tiki zikikosekana, unamchukua. Nifanye nini?

HAISONG: Uniambie!

MZEE DEYI: Nikuambie uje umchukue?

HAISONG: [kishindo cha kigae]

MZEE DEYI: Haloo? Umeanguka?

HAISONG: Nipo. Na muda huo yeye alikuwa wapi?

MZEE DEYI: Nje! Kwenye tuta la mto, anafukuza bata wa jirani. Asubuhi kabla ya shule, jioni mpaka jua lizame. Amekuwa mweusi kama sufuria. Leo nimemwambia daktari yote. Kasema nilifanya vyema kumtoa kwenye taa, ila kwa kutomwambia mapema nilistahili kofi.

HAISONG: Hilo kofi angekupiga kweli. Kwa hiyo jua ndilo—

MZEE DEYI: Hajui kama ni jua au bahati. Kasema azidi kucheza nje, arudi baada ya miezi mitatu.

HAISONG: Na wewe? Una doa?

MZEE DEYI: Dogo tu.

HAISONG: Dogo vipi?

MZEE DEYI: Juzi tukicheza mahjong nilitupa kete niliyokuwa naisubiri tangu asubuhi. Sikuiona, ilikuwa chini ya doa! Mzee Pi alicheka mpaka meno yake ya bandia yakatua mezani.

HAISONG: [anacheka] Baba, wewe... [anaacha kucheka] Umepimwa na wewe?

MZEE DEYI: Mimi wa nini? Mimi—

HAISONG: Rudi ndani sasa hivi! Daktari akuangalie macho yote mawili!

MZEE DEYI: Haya, haya, narudi. Lakini, Haisong...

HAISONG: Nini?

MZEE DEYI: Mama wa tambi anataka simu yake, wateja wanalipia humu. Sema haraka.

HAISONG: Niseme nini?

MZEE DEYI: Unajua.

HAISONG: [mkwaruzo] ...chomoa hiyo mashine, ifungie kabatini.

MZEE DEYI: Na mtoto? Utamchukua?

HAISONG: Mtoto mnunulie kofia pana. Jua la huko kiangazi linachoma.

MZEE DEYI: Kofia? Yaya! Yaya wee, baba yako kasema kofia! Shika, mama, simu yako, shika, shika—